Dunia Juu ya Meza ya Kukatia

Jiwe liliangukia bati la nyumba ya chini, likabingirika, likanyamaza. Usumani, fundi cherehani, bado anausikia mlio ule, ingawa mvua za msimu mzima zimekwisha kulipiga bati hilohilo.

Siku ile mjukuu wake wa kike, Gwiza, alirudi kutoka shule na jiwe la kijivu lenye matabaka. "Babu, mwalimu amesema hili iko mzee kuliko wanyama wote. Lilitoka wapi?" Akaliweka mezani, juu ya kanzu nyeupe ya bwana harusi. Tope likashika kitambaa. Usumani akalinyakua, akalirusha dirishani.

"Jiwe ni jiwe! Maswali yako yatanifukuzia wateja!"

Katika mtaa wao wa Gitega nyumba zimepandana mlimani. Ukitupa kitu kwako, kinaangukia kwa mwenzio. Gwiza alisikiliza mpaka mlio ukaisha, kisha akachukua ufagio. Hakulia. Tangu hapo humsalimia babu yake, humletea chai, humtungia uzi sindanoni. Haulizi kitu.

Mwanzoni Usumani aliona ni adabu. Ndivyo alivyolelewa yeye: baba yake, fundi vilevile, alikuwa na jibu moja kwa kila swali, nalo ni "Shona." Akashona, akaacha shule, akazeeka miguu ikiwa juu ya pedali. Lakini sasa kila cherehani iliposimama, chumba kilikuwa kimya mno. Mtoto aliyekuwa akitaka kujua kwa nini mwezi unawafuata mpaka njia panda ya Sonatubes alikuwa akimpisha mlangoni kama anavyompisha mgeni.

Basi mwalimu wa Gwiza, Christella, alipokuja kupimwa sketi, Usumani akasahau kiuno, akauliza habari za dunia.

"Mzee Usumani, unataka kurudi shule?" mwalimu akacheka.

"Nataka kurudi nyumbani kwangu."

Mwalimu akaacha kucheka. Akamweleza polepole, mara mbili.

Jumamosi Usumani akamwita Gwiza, akatandaza kitambaa cha suruali mezani.

"Tazama. Hapa mwanzoni dunia imezaliwa, moto mtupu. Hapa inapoa, mvua inanyesha, bahari zinajaa. Hapa vijidudu visivyoonekana kwa macho, peke yao, miaka na miaka. Samaki wako huku mbali. Halafu miti. Halafu wanyama wakubwa." Akabana ukingo wa mwisho kwa kucha. "Na sisi tuko hapa tu. Upana wa uzi mmoja."

Gwiza aliinama, akatazama ukingo ule, akautazama tena. Mdomo wake ukafunguka. Usumani akangoja swali.

"Asante, babu," akasema mtoto, akatoka.

Nje, Xavérine jirani alikuwa akipanga nyanya zake kizingitini.

"Tanti Xavérine," Usumani alimsikia Gwiza, "babu amekunja kitambaa. Ile miaka iliyofunikwa, ya chini, kulikuwa na nini?"

"Ee wewe! Mimi najua umri wa nyanya tu. Si umuulize mwenye kitambaa?"

"Hapana. Babu ana kazi."

Usumani akayashusha macho yake mezani. Kweli. Mkono wake, kwa mazoea ya kukata miguu miwili ya suruali kwa mkato mmoja, ulikuwa umekikunja kitambaa katikati. Kucha yake ilikuwa imebana mkunjo, si mwisho. Nusu nzima ya umri wa dunia ililala chini, hakuisema. Mtoto aliona. Zamani angepiga kelele, angemcheka babu yake mpaka mtaa usikie.

Alitoka na tepu shingoni, akachuchumaa nyuma ya Gwiza. Alitaka kumshika bega, mkono ukarudi. Akasema, kwa sauti ambayo hata Xavérine, pale kwenye nyanya zake, hakuisikia:

"Niulize mimi, mama."