Simu Niliyowafungulia Kwaya Yote

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Makongeni, na aibu hii nilijitafutia mwenyewe.

Sisi hugawana nyimbo simu kwa simu: kila mtu anafungua folda yake ya nyimbo, wenzake wanachukua. Mwezi huu nikaanza kushuku. Nikiingia mazoezini, watu wananyamaza. Wambui, anayetuongozea nyimbo, hata salamu yangu haitikii. Nikajua kuna mtu anachungulia simu yangu na kuwapelekea siri zangu, na macho yangu yakatua kwa Kamau wa besi, kwa sababu yeye hutengeneza simu kule Ruiru.

Jumamosi nikafoka mbele ya wote kuhusu siri za watu. "Kamau, leta hiyo simu! Mwizi ni wewe!"

Akanipa, nikaipekua. Ndani nikapata sauti zangu zote, zile ninazojirekodi nikikosoa waimbaji, mmoja mmoja, kwa jina.

"Uliingiaje kwangu?"

"Sikuingia, mwalimu. Uliponunua simu mpya, ulifungua simu yote badala ya folda ya nyimbo. Sote tunazo sauti hizo."

Ngai, Mungu wangu! Wambui akasimama polepole.

"Mwalimu, leo niimbe vile ulisema, kama mbuzi amekwama kwa waya?"