Mstari Ulioishia Nje ya Chumba Namba 12

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Verlene Doucette amesimama kwenye mlango wa chumba namba 12, anawapa mkono wanafunzi wake mmoja mmoja. Ni Ijumaa ya mwisho kabla ya Mardi Gras, kilele cha kanivali hapa New Orleans. Watoto wa darasa la pili wamekuja na shanga za kanivali shingoni, jambo ambalo sheria ya shule hairuhusu.

"Amariyah, shanga ndani ya begi, mpenzi."

"Lakini Bi Verlene, hata mlinzi kavaa!"

"Mlinzi hana mtihani wa kusoma. Begi. Mama na watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mama anauliza kama umepata kazi."

Verlene anacheka. "Mwambie nipo kazini," anasema.

Kwenye droo ya meza yake kuna mashati matatu ya sare: la kijani, la maruni na la buluu. Yote ameyavaa katika jengo hili, kila moja kwa jina tofauti la shule. La nne litakuwa la kijivu. Kama litamhusu, bado hajui.

Karibu shule zote za umma jijini ni shule za mkataba. Serikali inalipa, bodi au kampuni inaendesha, na matokeo yakiwa mabaya mkataba hauhuishwi. Desemba iliyopita shule yake, Magnolia Rise, ilipata daraja la F, la chini kabisa, kwa mara ya pili. Ifikapo Julai, jengo litakabidhiwa waendeshaji wapya. Kila mwalimu anayetaka kubaki ameambiwa aombe kazi upya.

"Watoto wanabaki, madawati yanabaki, mimi ndiye naulizwa ni nani," anasema. "Fomu inauliza kama nalifahamu jengo hili. Nimefundisha humu miaka kumi na miwili. Nilikaa na lile swali siku mbili, sijui wanataka niandike nini."

Ana miaka 35. Mshahara wake ni dola 52,000 kwa mwaka, na mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja. Kodi ya nyumba anayoishi na mama yake ni dola 1,400 kwa mwezi. Shule iliyo ng'ambo ya mto ilimwita mwezi uliopita, tena kwa mshahara mzuri zaidi. Hajawajibu. Anataka chumba namba 12.

Aliingia humu mara ya kwanza akiwa na miaka saba. Mwalimu wake aliitwa Hollis Guidry. Baada ya kimbunga cha mwaka 2005, walimu wa shule za umma jijini waliachishwa kazi kwa maelfu, Guidry akiwa mmoja wao. Jengo lilipofunguliwa kwa jina jipya, alirudi kuomba kazi yake. Jina lilipobadilika tena, akaomba tena.

Verlene alipoajiriwa, mzee huyo alihamia namba 14 akamwachia chumba. Alidai kwamba dirisha la namba 12 linavuja. Halivuji.

Oktoba iliyopita Guidry aliugua Jumanne, akafariki Jumapili. Alikuwa na miaka 66. Tarehe aliyoiandika ubaoni ilikaa wiki nzima. Wasafishaji waliutazama tu ule ubao, wakapita.

"Niliwahi kumuuliza, 'Bwana Hollis, mtu anaombaje kazi yake mwenyewe?' Akaniambia, 'Unavaa shati safi, mwanangu, unakwenda.' Nikacheka, nikadhani ni utani. Leo ningemuuliza vizuri. Sasa hayupo."

Jumanne wiki hii ilikuwa zamu ya Verlene kupimwa. Watu wawili kutoka kwa waendeshaji wapya walikaa nyuma ya darasa na karatasi zao, kumtazama akifundisha kwa dakika ishirini. Yeye alishuka kuwachukua watoto kutoka bwalo la chakula, walikokuwa wakinywa chai ya asubuhi.

Pale Magnolia Rise, watoto hutembea juu ya utepe wa buluu uliobandikwa sakafuni, mashavu yamejaa hewa ili wasiongee. Waendeshaji wapya hawatumii utepe. Jumatatu jioni mafundi wao walikuja kupima ukuta, wakabandua kipande cha mwisho, kile kinachofika mlango wa Verlene. Hakuna aliyemwambia, na asubuhi hakutazama sakafu.

Watoto ishirini na wawili walifika pale utepe ulipokatika, wakasimama, mashavu yamevimba.

"Na mimi nikasimama," anasema Verlene. "Hilo ndilo linanichanganya mpaka leo. Mtu mzima, na shahada yangu, nimesimama kwenye ncha ya utepe nasubiri sijui nini."

Aliyeachia hewa kwanza alikuwa Amariyah.

"Bi Verlene, mstari umekwisha."

"Naona, mpenzi."

"Sasa tunapitaje?"

Verlene aliinua macho kuutazama mlango.

Ulikuwa hatua tisa mbele yao. Wageni walikuwa wameanza kuchungulia. Ndipo Kendrell, ambaye baba yake hupiga tarumbeta la tromboni katika maandamano ya muziki na dansi ya Jumapili, alipoanza kupiga tromboni kwa mdomo. Mmoja akapunga karatasi ya kufutia mikono kama kitambaa cha maandamano hayo, wengine wakamfuata, magoti yakipanda na kushuka. Verlene alikuja mwisho, naye akipunga.

"Tuliingia hivyo. Dakika sita zilikuwa zimeshakwenda. Mgeni mmoja alitabasamu. Mwenzake aliandika, akaandika, akageuza karatasi. Asubuhi nikiamka naamini aliandika kwamba sina nidhamu. Mchana naamini aliandika kwamba watoto wananipenda. Jioni siamini chochote."

Jibu litakuja baada ya likizo ya Mardi Gras.

Saa sita mchana, walimu wamekusanyika kwenye chumba chao kula keki ya mfalme, ile ya mviringo yenye sukari ya zambarau, kijani na dhahabu. Ndani hufichwa kitoto cha plastiki. Anayekipata ndiye huleta keki ya Ijumaa inayofuata. Guidry ndiye aliyeanzisha desturi hiyo hapa.

Verlene anauma kipande chake, anasita.

"Kakipata!" anapiga kelele Delphine Trosclair, mpishi mkuu. "Usimeze, dada! Bima ya meno inaisha Juni!"

Wanacheka. Kisha mmoja wao anaangalia kalenda ukutani. Keki hii huliwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi Mardi Gras, na Mardi Gras ni Jumanne ijayo. Keki inayofuata ni ya mwakani.

"Basi umepona," Delphine anasema kwa sauti ndogo. "Utamletea nani?"

Verlene anakifuta kitoto kwa kitambaa, anakitia mfukoni.

Kwenye dirisha la namba 12 vimepangwa vitoto ishirini na vitatu. Ni vya Guidry, vya keki alizozileta chini ya majina yote ya jengo hili. Verlene alivihamishia hapa Oktoba. Sasa anaweka cha ishirini na nne mwishoni.

"Huyo wa nani?" anauliza Amariyah.

"Wangu. Nimempata leo."

"Kwa hiyo unaleta keki."

"Ndiyo. Januari."

"Hata wasipokuchukua?"

Verlene anakinyoosha kitoto kilale sawa na wenzake. Anasema tarehe 6 Januari, saa moja asubuhi, ataleta keki kwenye mlango huu. Wakimchukua, ataingia nayo. Wasipomchukua, ataandika jina lake kwenye daftari la wageni, apande ngazi, agonge.

"Nitavaa shati safi, nije," anasema. "Rangi yake ndiyo sijui."