Nimeficha jembe la posa ya binti yangu kwa sababu ya Rais wa Amerika

Barua hii imetoka milimani Iringa. Jina la mama aliyeiandika tunalo sisi wa ukurasa huu, na litabaki kwetu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, Mlutheri, mkulima wa mahindi na njegere. Nina watoto watano, na huyu anayeninyima usingizi ni binti yangu wa kwanza, ana miaka kumi na tisa. Kusoma na kuandika nilijifunza misheni, kwa hiyo msidhani nimeandikiwa. Mume wangu hununua gazeti hili, lakini yeye husoma habari za ng'ambo tu, ukurasa huu hajui hata kama upo. Ndiyo maana nimethubutu.

Kwetu posa huanza kwa jembe. Mshenga huleta jembe jipya, na likishapokelewa ndani ya nyumba, binti ana mwenyewe. Likirudishwa, maneno yamekwisha. Mwaka jana tulipokea jembe la kijana mmoja ambaye ni dresa, mfunga vidonda wa hospitali kule Mbeya. Baba yake ni seremala, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, na ni rafiki wa mume wangu tangu walipokuwa askari pamoja Burma. Kule walilalia blanketi moja. Nilifurahi, na binti yangu alifurahi kuliko mimi.

Basi akaja huyo Rais wa Amerika kutuvurugia. Simaanishi alikuja mwenyewe, angekuja ningempa jembe akalime. Alikuja kwa redio ya betri ya mwenye mashine ya kusaga. Wanaume wakawa wanakusanyika pale, wakitoka hapo wanahamia kilabu cha ulanzi, na ulanzi wa mianzi mnaujua, ukishachacha kila mtu ni waziri. Mume wangu anasema yule Rais ni jemadari aliyeshinda vita, atawaambia Waingereza watuachie nchi yetu, na juzi juzi ametuma askari wawalinde watoto weusi waingie shule. Seremala anasema mawaziri wake wote ni matajiri, hao askari kawatuma baada ya kusukumwa, na kule Burma waliwaona Waamerika weusi kwa macho yao, kambi yao mbali, kazi yao kubeba na kuchimba. "Sasa huyo atutetee sisi?" anamuuliza. Mume wangu anajibu, "Wewe umenunuliwa na Warusi." Mtu hajawahi kumwona Mrusi tangu azaliwe.

Kijiji kikagawanyika mabenchi mawili. Nilivumilia, nikasema ni pombe. Lakini alipofariki mtoto wa jirani mwingine, wakati wa kufukia, wale wawili walisimama juu ya kaburi wameshika makoleo wakibishana kuhusu mawaziri wa Amerika, na mama wa marehemu amekaa chini pale pale anawatazama. Kinyaa kilinishika siku ile, na mpaka leo hakijanitoka. Nikimpakulia mume wangu ugali natazama pembeni.

Wiki iliyofuata mume wangu alirudi kutoka kilabuni akaniambia, "Jembe la hao watu lirudi kwao. Siozi mtoto kwa adui." Mshenga alikataa kubeba upuuzi huo, basi nikabebeshwa mimi. Nililifunga kwenye kanga nikavuka mto. Mke wa seremala akanipokea kwa mikono miwili, "Kamwene, mama," akaninawisha, akanipa viazi na maziwa, akanionyesha shuka alizoanza kumshonea mkwe wake. Nikashindwa kulitaja jembe. Nilisema natoka shambani nimepita kusalimia tu. Nikarudi na jembe langu, nikalifukia kwenye kihenge chini ya mahindi. Nyumbani nikasema limefika.

Ndiyo, nilidanganya. Na mambo yangeishia hapo nisingewasumbua. Lakini mume wangu, akidhani binti yuko huru, amepokea jembe lingine. La nani? La huyo huyo mwenye redio, mjane wa miaka hamsini na ushee, mwenye wajukuu. Nilipouliza kwa nini yeye, mume wangu akanijibu bila haya, "Huyu tunaelewana naye." Wanaelewana nini? Wanaelewana Rais. Mtoto niliyembeba mgongoni anatolewa kwa sababu wazee wawili wanamsifu mtu mmoja redioni. Nilitoka nje nikatema mate.

Sasa upande wa seremala, ambao hawasemeshani na mume wangu tangu mazishi yale na habari za jembe la pili hazijawafikia, wanaamini mambo ni sawa. Kijana ameomba likizo, na wazazi wake wamekwisha kwenda kwa mchungaji. Mwezi ujao matangazo ya ndoa yatasomwa kanisani, jina la binti yangu na la yule dresa, mume wangu akiwa amekaa benchi la mbele na mwenye redio ubavuni mwake.

Binti yangu nimemweleza yote. Hakulia. Alikuwa anapukuchua mahindi, akaniuliza, "Mama, huyo Rais anajua kama mimi nipo?" Nikachukua hindi nikapukuchua naye.

Wasomaji, hasa nyinyi akina mama mliooza mabinti, nisaidieni mawazo. Nimwambie mume wangu kweli leo, anipige na amwoze haraka kwa yule mzee? Au ninyamaze mpaka mchungaji asome majina, mume wangu aumbuke mbele ya waumini wote, na hapo awe hana pa kurudi? Nikinyamaza naweza kuachika. Nikisema, mtoto amekwenda.

Na wewe unayetaka kuniandikia kwamba mume wangu ana haki kuhusu yule Rais, au seremala ndiye mwenye haki, usijisumbue. Mimi nimeuliza habari za binti yangu.