Mgeni wa Uwanja wa Gofu

Uwanja wa gofu wa hapa Nachingwea waliuacha Wazungu wa ule mradi wa karanga wa enzi za ukoloni, na siku hizi ni mali ya halmashauri na ya kila mwenye miguu. Mbuzi wanalisha, vijana wanacheza mpira, na wanaocheza gofu yenyewe huja mara mojamoja kutoka Ruangwa au huko kwenye dhahabu Namungo.

Mume wangu ndiye mtunzaji. Penye vishimo hakuna nyasi. Kuna duara la mchanga uliomwagiwa oili chafu, naye huupiga reki kila asubuhi mpaka usibaki hata unyayo wa kunguru.

Asubuhi ile alikuwa ameshatoka. Mama yake, aliyekuja kwetu kutoka Kilimarondo kutibiwa goti, alirudi mikono mitupu kutoka kuokota kuni ukingoni mwa uwanja.

“Mgeni yupo huko uwanjani,” akaniambia, kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Nilichukia. Wageni wa gofu huja bila taarifa, na mume wangu hajanywa hata chai. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone; hawa wetu huja kumtuma mwenyeji soda. Nikajaza chupa ya chai, nikashika njia inayokata nyasi ndefu.

Kwenye duara la kwanza nilikuta alama za kandambili za mume wangu. Juu ya mojawapo, pale pa kisigino, palikuwa na unyayo mwingine, mpana kama kisahani cha chai, vidole vinne. Reki ilikuwa imeanguka chini.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama mkwe. Kwao, simba akiwa karibu hatajwi kwa jina. Huitwa mgeni.

Niliogopa hadi masikio yakaziba. Nilijua nimeshafiwa, na nilichowaza ni nitaanzaje kumwambia mama yake kupitia mlango uliofungwa.

Kisha nikamwona mume wangu. Alikuwa juu ya mnara wa tenki la maji, mzima, ameukumbatia mlingoti. Hakusema neno. Alishusha kiganja polepole, tena na tena: taratibu, taratibu. Nikaenda hivyo hivyo, chupa mkononi, nikapanda ngazi.

Nilipofika juu, hofu iligeuka hasira.

“Umeniona tangu natoka nyumbani,” nikamnong'oneza. “Umeniona, ukanyamaza. Hata kuniita tu?”

Akanionyesha kwa kidevu njia niliyopita. Kando yake, karibu kiasi kwamba kanga yangu ingeweza kumgusa, simba jike alikuwa amelala kwenye nyasi, kichwa juu ya miguu, akitutazama.

“Ulipompita aliinuka kidogo,” mume wangu akasema. “Ningekuita, ungekimbia.”