Maneno ya Mama Chini ya Picha

Matonya, fundi wa makochi pale Chang'ombe, Dodoma mjini, alizaliwa kiziwi. Mama yake, Mgogo wa Chamwino, hakwenda shule wala hakujua lugha ya alama. Kati yao zilikuwapo ishara za nyumbani tu: njoo, kula, lala, funga mbuzi. Mama alipofariki mwaka jana ikabaki video moja, ambayo Ruthu, dada yake Matonya, aliichukua kwa simu. Mama anapepeta uwele huku anaongea, anaongea.

"Anasemaje?" Matonya alimwandikia dada yake.

"Anakusalimia," Ruthu akajibu. "Anasema uje."

Matonya akaitazama tena. Salamu gani hiyo isiyokwisha? Maisha yake yote watu wamekuwa wakikamua mazungumzo na kumwachia machicha.

Simu yake ilikuwa na programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Kwa Kiswahili ilijitahidi. Kwa Kigogo cha mama ilibabaika, ikaandika mambo yasiyo na kichwa wala miguu: gari, benki, Januari. Hata hayo aliyasoma yote, asije akapitwa na neno.

Jumapili moja akamfuata Angelina, Mgogo mwenzake anayetafsiri mahubiri kwa alama kanisani. Akamsihi asifupishe kitu.

"Hata upuuzi?" Angelina akauliza kwa mikono.

"Upuuzi ndio ninaoutaka."

Angelina aliirudisha video ikiwa na maneno ya Kiswahili chini ya picha. Wakaketi kwenye kibanda cha kazi cha Matonya, naye akasoma.

Mama alianza na kuku aliyebebwa na kicheche. Akamsengenya jirani. Akalalamikia goti lake. Kisha: "Mwanangu Matonya, jioni nikifunga mbuzi huwa nakuita. Najua husikii, hata ulipokuwa hapa hukusikia. Mdomo umezoea."

Matonya akaisimamisha. Hakuwahi kujua kwamba mama yake alikuwa mcheshi, wala kwamba ndani yake mlikuwa na maneno mengi namna ile. Laiti angeyapata mama akiwa hai, wakabishana hata juu ya huyo kuku.

"Jina langu analitaja wapi?" akauliza.

Angelina akairudisha nyuma kidogo, akamwonyesha. Midomo ya mama inajifumba, inafunguka, inachongoka kama inayopuliza moto, inafunguka tena.

Angelina alipoondoka, Matonya akaitafuta sehemu ile peke yake. Midomo ikajifumba, ikafunguka. Akainua mkono kuitika: naam, mama.

Mama alikuwa ameshahamia habari za mvua.