Somo la Kukataa

Bok Miran alikuwa na kadi sitini ukutani jikoni kwake, za rangi mbili. Za bluu zilikuwa masomo ya kusomea nyumbani kwenye kishikwambi. Za manjano zilikuwa masomo ya darasani. Mama yake, enzi za uhai wake, alikuwa akizitazama huku akimenya vitunguu saumu na kusema, "Wenzako wanabandika picha za watoto wao." Miran alihamisha kadi moja, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama tena.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa amefundisha Kikorea katika kituo cha familia cha wilaya yao. Wanafunzi wake walikuwa wanawake kutoka Vietnam na Kambodia walioolewa na wakulima wa Korea wa wilaya hiyo. Zamani darasa lilikuwa la kila siku, na kila msimu wa stroberi nusu ya viti vilibaki vitupu. Basi halmashauri ikamwagiza abuni mtaala mchanganyiko: siku mbili darasani, zilizobaki nyumbani.

Kazi ile aliifanya kwa miaka miwili, na kanuni yake ilikuwa moja. Kilichoweza kusemwa mbele ya mama mkwe kilikuwa cha bluu: herufi, bei, saa za basi, majina ya mboga. Kisichoweza kusemwa mbele yake kilikuwa cha manjano. "Daktari, naomba tuzungumze peke yetu." "Pasipoti yangu nitaitunza mwenyewe." "Siwezi. Leo nimechoka." Hili la mwisho lilikuwa somo la kumi, na wanawake waliolipitia walilikumbuka kuliko yote. Walisimama wawili wawili, mmoja akaamrisha, mwingine akakataa, wakacheka hadi machozi. Wengine machozi yaliendelea kicheko kilipokwisha.

Lakini kanuni hiyo Miran hakuiandika popote. Angewezaje kuiandika kwenye ripoti ya serikali, katika wilaya ambayo kila afisa ana mama, na mama huyo ana mkazamwana? Alikuwa mwoga, na uoga wake aliuita adabu. Kando ya masomo ya manjano aliandika: "Mazoezi ya ziada ya mazungumzo."

Muhula ule alikuwa na mwanafunzi aitwaye Diep, mwenye miaka ishirini na sita, mke katika ukoo wa Gwak, wenye nyumba za plastiki za stroberi nyuma ya kilima. Diep alicheka akiwa amefunika mdomo, na mikononi alikuwa na mikwaruzo isiyopona. Siku moja baada ya kipindi alibaki akikunja kunja mkanda wa mkoba wake.

"Mwalimu, somo la kukataa ni lini?"

"Wiki ya kumi. Kwa nini?"

"Basi tu. Nataka nisilikose."

Wiki ya saba Diep hakuja. Ya nane pia. Miran alipofungua orodha ya masomo ya nyumbani, aliona jina la Diep juu kabisa: amemaliza yote, asilimia mia, hakuna anayemkaribia.

Kila somo la bluu lilimalizika kwa mwanafunzi kurekodi sauti yake. Mtambo ulihesabu tu kwamba sauti ipo, na kuzisikiliza hakukuwa kazi ya mtu yeyote. Jumapili moja mchana Miran alizisikiliza. "Nipe kabichi mbili na figili tatu," ilisema rekodi ya Diep, kwa sauti nzito ya bibi kizee aliyezaliwa wilaya ile ile. Kikafuata kikohozi, na nyuma yake mtu wa tamthilia ya televisheni akilia.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Diep. Bibi Gwak, mama mkwe wa Diep, alikuwa peke yake sebuleni, amekaa sakafuni, kishikwambi kimeegemezwa kwenye sufuria ya viazi vitamu. Alipomwona mwalimu alikifunika kwa taulo.

"Diep yuko wapi, Mama?"

"Shambani. Stroberi zinangoja masomo?"

"Na anayesoma ni nani?"

Bibi aliusukuma mlango wa nyuma kwa mguu ukafungwa, kana kwamba kuna wa kuwasikia. Halafu, chini ya mto wa kukalia, akatoa kurasa za kalenda ya mwaka jana. Nyuma ya kila ukurasa palikuwa na herufi kubwa, zilizopinda. Jina lake. Jina la marehemu mumewe. Bei za soko.

"Nina miaka sabini na minne," alisema. "Benki nasema nimesahau miwani. Posta nasema nimesahau miwani. Kwenye ukumbi wa wazee wananiita Bibi Miwani, wanadhani nina usahaulifu. Nilianza kubonyeza bonyeza ili asilimia zake zisishuke, yeye akiwa kazini. Kisha nikaona kumbe naelewa."

"Lakini yeye haelewi, Mama. Darasa ni lake."

"Si mmeleta darasa nyumbani wenyewe? Nimtoe nje kufuata nini?" Alimenya kiazi, akampa, na sauti yake ikateremka. "Mwalimu, mwanangu. Usimwambie mtu kwamba sikujua kusoma. Nife kwanza."

Miran alikipokea kiazi kwa mikono miwili, akaahidi.

Wiki ya tisa aliitwa na Bwana Cheon, afisa wa elimu wa halmashauri, mtu mkunjufu aliyemkorogea kahawa ya pakiti yeye mwenyewe.

"Mwalimu Bok, umejimaliza kwa kazi nzuri! Masomo ya nyumbani asilimia tisini na nne. Darasani arobaini. Sasa chumba tunakipasha moto kwa ajili ya nani? Tunafunga darasa. Yote yaende kwenye kishikwambi."

"Bwana Mkuu, yapo masomo ambayo hayawezi kusomewa nyumbani."

"Yapi?" Alifungua ripoti ya Miran. "Haya? Umeandika mwenyewe: ya ziada."

Miran alikiangalia kikombe cha karatasi. Huo ndio ulikuwa wakati wa kuieleza kanuni yake, lakini aliogopa kama alivyoogopa alipoandika ripoti ile. Akashika lililokuwa jepesi zaidi.

"Asilimia hizo si za kweli," alisema. "Anayeongoza hasomi. Anayesoma ni mama mkwe wake, Bibi Gwak, ambaye hakuwahi kujua herufi hata moja."

Bwana Cheon alipiga meza kwa furaha.

"Amejifunza kusoma? Kwa mtaala wetu? Bibi wa miaka sabini na ngapi? Mwalimu, na hili ulikuwa unalificha!"

"Bwana Mkuu, nasema kwamba mkazamwana..."

"Mavyaa na mkazamwana, kishikwambi kimoja! Mkuu wa wilaya atalipenda hili."

Siku nne baadaye bango la kitambaa lilitundikwa kwenye njia panda, mbele ya ukumbi wa wazee. Bibi Gwak alikuwa amepigwa picha akiwa ameshika kalamu, uso umekakamaa. Chini yake iliandikwa: "Miaka 74 gizani, leo anasoma!" Diep hakuwa kwenye picha. Siku ya mpiga picha alikuwa shambani akifungasha stroberi.

Miran alipopita pale, wazee wawili walikuwa wakilitazama bango.

"Kumbe miwani!" alisema mmoja. "Miaka yote hiyo, miwani!"

"Na mimi niliwahi kumwazima yangu," alisema mwingine. Wakacheka wakishikana mabega. Bibi Gwak hakukanyaga tena ukumbini.

Chumba cha darasa kikawa ghala la viti. Masomo ya manjano Miran aliyarekodi moja moja, peke yake mbele ya kamera, akiamrisha na kukataa yeye mwenyewe. La kumi lilikuwa na zoezi la mwisho: "Kataa jambo usilolitaka. Sema kwa sauti yako."

Majibu yalipoingia, alifungua kwanza lile lenye jina la Diep.

"Sitaki," ilisema sauti nzito, taratibu, kila neno mahali pake. "Picha yangu iondoeni barabarani. Niliomba. Sitaki."

Kisha sauti ile ile, imegeuzia kisogo kishikwambi: "Diep! Bado ndoo tatu."

Na kwa mbali, ng'ambo ya mlango, sauti aliyoifahamu: "Ndiyo, Mama."

Kwenye orodha, mbele ya jina la Diep, mtambo ulikuwa umekwisha andika asilimia mia.