Upande wa Dirishani

Damu bado inanichemka. Mwaka Wakasai walipofukuzwa Katanga, mwalimu wetu wa dini pale Kapata alitufundisha kumpenda jirani, kisha, chaki ingali mkononi, akasema: “Batoto ba Kasai, musimame. Muende ku gare mupande treni na bazazi benu. Hapa haiko kwenu.”

Rafiki yangu wa benchi moja, aliyezaliwa Kapata kama mimi, alisimama akanitazama. Nikainamia daftari. Mwalimu akatuambia tuliobaki tukae kwa nafasi. Nikasogea upande wake wa dirishani, niliokuwa nikiutamani siku zote. Hakuna aliyenilazimisha!

Wiki iliyofuata mwalimu yule yule akatupa mtihani: jirani yako ni nani? Nilijaza ukurasa mzima nikiwa nimekaa mahali pake. Nikapata kumi juu ya kumi.